Firigisi ya Mkwe na Honi ya Bi Mwanjaa

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kumhadaa fisi, ni zamani ya juzi tu, watu wameshaanza kununua umeme na kulalamika, palikuwa na bibi mmoja mjini Muheza, jina lake Bi Mwanjaa. Sogeeni. Na wewe uliyeinamia simu, izime au nenda zako, maana mwisho wa hadithi hii nitakudai jibu, na sitaki kusikia eti mwanzo ulikupita.

Bi Mwanjaa alikuwa na gari. Gari la kale, rangi ya maziwa mgando, taa zake za duara, milango yake mizito hufungwa kwa kishindo. Lilikuwa la marehemu mumewe, Mzee Hemedi, aliyekuwa karani katika mashamba ya mkonge. Kila jioni Mzee Hemedi alipotoka kazini, akifika kona ya kinu cha kusaga, hupiga honi. Mbili fupi, moja ndefu. Pii, pii, piiiii. Maana yake: mke wangu, bandika chai, nimefika. Na chai ikabandikwa, miaka thelathini na mitano.

Mzee Hemedi akafariki. Watu wakamwambia Bi Mwanjaa, uza gari. Hakuuza. Akajifunza kuliendesha, mwanamke wa miaka sitini, mto mmoja wa kukalia na mto mmoja mgongoni, akawa anaenda nalo sokoni na kurudi. Na kila akifika kona ya kinu, hupiga. Pii, pii, piiiii. Nyumbani hamna mtu wa kubandika chai. Anapiga tu, nyumba ijue. Mwanzoni majirani walimcheka. Baadaye wakaacha kucheka, wakawa wanaanua nguo kwa honi ile.

Basi siku moja akafika konani, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akaingia nyumbani polepole, akalifunika gari turubai, na tangu siku hiyo hakuliendesha tena. Aliyemuuliza alijibiwa hivi: "Nitaingiaje kwangu kimyakimya kama mwizi?"

Ikapita miaka miwili. Binti yake aliyeolewa Dodoma akampigia simu. "Mama, macho yako yameanza ukungu. Njoo ukae na mimi. Tiketi nimeshakata, basi la Jumapili." Bi Mwanjaa akakubali, kwa kuwa macho kweli yalikuwa na ukungu. Lakini gari? Hapo ndipo alipotokea Kidevu, mnunuzi wa vyuma chakavu, na mkokoteni wake. Kidevu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye subira tu, na subira ya mnunuzi wa vyuma chakavu inatisha. Alikaa nje ya ua wa Bi Mwanjaa kutwa, akila karanga.

Jumatatu Bi Mwanjaa akawaita majirani, akasema mbele yao wote: "Jamani, Jumapili naondoka. Gari la Hemedi siwezi kumwachia mtu likiwa bubu. Atakayeifanya honi hii ilie kabla sijapanda basi, gari ni lake, na dua yangu juu. Isipolia, alichukue Kidevu akaliyeyushe liwe sufuria, nami nitafunga macho nisione."

Sasa kaeni vizuri. Mnajua mtu akisikia gari la bure anavyokuwa fundi ghafla.

Akaja fundi wa kwanza, Jumatatu hiyo hiyo. "Hii ni betri." Akaweka betri mpya. Akabonyeza. Kimya. Kidevu akachungulia getini: "Shikamoo Bibi. Bado?" Bi Mwanjaa akajibu, "Marahaba. Bado."

Akaja wa pili. "Betri wapi! Hii ni honi yenyewe imekufa." Akafunga honi nyingine, kubwa, ya lori. Akabonyeza. Kimya. "Shikamoo Bibi. Bado?" "Marahaba. Bado."

Wa pili akarudisha honi ya zamani, akaenda zake. Akaja wa tatu, akavuta nyaya zote, akafumua kama mtu anayefumua sweta, akaweka mpya. Akabonyeza. Kimya. "Shikamoo Bibi. Bado?" "Marahaba, baba, hebu nipumzishe. Bado!"

Jumanne ikaisha hivyo. Jumatano asubuhi akaja Fundi Shebughe, fundi umeme wa magari, mtu mfupi, mpole, kofia imefifia. Huyu hakugusa kitu. Aliingia garini, akafunga mlango, akakaa. Akashika ule mkono ulio kwenye shina la usukani, wa kuwashia indiketa na taa, ambao ukiubonyeza kwa ncha ndipo honi hulia. Akaupandisha, akaushusha, akaubonyeza. Watu wakasema, huyu amekuja kupumzika. Saa nzima. Kisha akatoa taa yake ya kupimia, akagusa waya huu, taa ikawaka, akagusa waya ule, haikuwaka. Akacheka peke yake.

"Bi Mkubwa," akasema, "betri haikuwa na kosa. Honi haikuwa na kosa. Nyaya masikini hazikuwa na kosa. Umeme unafika hapa, kwenye swichi, unagonga, haufunguliwi. Swichi hii ndani imeota kutu ya kijani."

Bi Mwanjaa akauliza, "Inapatikana mpya?"

Mwenye duka la vipuri alikuwa hapo hapo, akadakia: "Swichi ya gari hili? Muulizeni Nabii Nuhu, labda alibakiza moja kwenye safina."

Kijana mmoja akatoa shauri waweke kitufe cha kengele ya mlango pale mbele, kazi ya dakika kumi. Bi Mwanjaa akamtazama mpaka akaomba radhi. "Hemedi hakuwa mgeni kwake," akasema. "Alikuwa habishi hodi."

Basi Fundi Shebughe akasema ataitengeneza ile ile. Akaifungua swichi pale pale uani, juu ya kofia yake aliyoitandika chini. Mwanzo akapiga msasa kutu, vipande vya shaba vya ndani vikang'aa. Kazi ya fundi kweli. Halafu akainua kifuniko kidogo, kifuniko ambacho hakikutaka kuinuliwa, na chini ya kifuniko kile mlikuwa na springi, na juu ya springi goroli ya chuma, ndogo kama punje ya mtama. Springi ikaruka. Fundi akaidaka. Goroli ikaruka. Fundi hakuidaka. Ikadunda kwenye jiwe, ikadunda kwenye ndoo, ikabingirika ikimetameta mpaka mbele ya kuku.

Kuku huyo aliitwa Mtangazaji. Mtetea mwekundu, mnene, wa jirani Mama Tunu. Aliitwa hivyo kwa sababu akitaga yai moja mtaa mzima hupewa taarifa. Mtangazaji akaitazama goroli kwa jicho hili. Akaitazama kwa jicho lile. Akaimeza.

"Mkamateni!" Watu wazima saba wakamkimbiza kuku. Mama Tunu akatoka jikoni na mwiko. "Mtu asimguse kuku wangu!"

Fundi Shebughe akamweleza, huku anahema. Mama Tunu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Fundi, pole sana. Lakini huyu ni kuku wa mkwe. Ijumaa baada ya swala anakuja Mzee Semdoe kutoka Handeni kukamilisha posa ya mwanawe kwa Tunu wangu. Kuku wa mkwe hachinjwi Jumatano kwa ajili ya honi."

"Basi Ijumaa ukimchinja, firigisi unipe mimi niipasue."

Wanawake wote waliokuwepo wakasema "Hee!" Maana nyinyi wa mjini pengine hamjui. Katika ukoo ule firigisi ni ya mkwe, na mkwe huletewa nzima. Huchanwa kidogo tu pembeni, upana wa kidole, ikasafishwa kupitia hapo hapo. Ukimletea mkwe firigisi iliyopasuliwa, umemwambia: tumekukagulia, tumeonja kabla yako. Posa zimevunjika kwa jambo hilo, tena posa zilizokwisha kutolewa mahari.

"Nitatia kidole mwenyewe," Mama Tunu akaahidi. "Ikiwepo nitaihisi. Zaidi ya hapo siwezi, Fundi. Nina binti mmoja tu."

Ikawa ni kungoja. Fundi Shebughe hakungoja akiwa amekaa. Alijaribu goroli ya baiskeli. Ilikuwa kubwa kidogo. Honi ikalia! Watu wakashangilia. Ikaendelea kulia. Haikunyamaza. Ililia wakati mtendaji wa kata anahutubia uwanjani juu ya usafi wa mitaro, na kwa kuwa kila alipovuta pumzi ndipo ilipozidi kusikika, alidhani anashangiliwa, akaongeza nusu saa. Ikabidi waya ukatwe. Bi Mwanjaa akatikisa kichwa. "Huyo si Hemedi. Hemedi alikuwa akijua kunyamaza." Akajaribu goroli ya feni. Ndogo mno. Ukiwasha indiketa ya kushoto honi inalia, ukibonyeza honi taa zinawaka, ukiwasha taa hakuna kinachotokea. Akaitoa. Siku iliyobaki alimfuata Mtangazaji nyuma na chekeche la unga, fundi mzima, anachekecha mavi ya kuku. Msicheke. Haya, chekeni kidogo.

Naye Mama Tunu alikuwa na vita vyake. Alhamisi asubuhi Kidevu alimjia kistaarabu. "Mama Tunu, nikuondolee shida. Nipe huyo kuku, nikuletee jogoo wawili wakubwa na mtetea wa tatu. Mkwe wako atakula mpaka asahau jina lake." Mama Tunu hakuwa na pesa ya kuku wa pili, hilo lijulikane. Jogoo wawili na mtetea walikuwa neema. Akamtazama Kidevu, akatazama gari chini ya turubai. Akasema, "Bi Mwanjaa ndiye aliyenishika mkono siku nilipomzaa Tunu. Nenda na jogoo zako." Akamfungia Mtangazaji ndani ya tenga, akaliingiza tenga chumbani kwake, na alasiri ikanyesha mvua iliyokokota kila kitu mtaani, makopo, ndala, mpaka ndoo ya fundi, ikavipeleka vyote mtaroni.

Ijumaa ikafika. Mtangazaji akachinjwa asubuhi. Mama Tunu akaichana firigisi kidogo pembeni, akatia kidole, akapekua. Fundi Shebughe amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ipo?"

"Mchanga. Punje ya mahindi. Kigae." Akapekua tena. "Haipo, Fundi."

"Tafuta tena, mama yangu."

"Haipo. Atakuwa alishaiangusha."

Fundi akaenda akakaa juu ya kizingiti cha ua wa Bi Mwanjaa, asiweze hata kumtazama usoni. Bi Mwanjaa akaelewa. Hakulia, alikunja turubai tu, pembe kwa pembe, akaliweka kando, akamwambia Kidevu, "Haya, baba. Ingia." Swala ilipotoka, Kidevu akaingia na spana, akaanza kufungua tairi la mbele. Nati ya kwanza. Nati ya pili.

Upande wa pili wa ua, kwa Mama Tunu, Mzee Semdoe ameshafika. Mtu mrefu, kanzu imepigwa pasi, fimbo yenye kichwa cha fedha. Mkekani wamemtandazia wali wa nazi, mchuzi, na katikati, kwenye kisahani chake peke yake, firigisi nzima. Akaitazama. Ni nzima. Akaridhika. Akasema bismillahi, akaitia mdomoni yote, akatafuna.

Kwacha!

Waliokuwa nje wanasema waliisikia. Mzee Semdoe akashika taya. Akatema kiganjani: nusu ya firigisi, jino moja la mbele, na goroli. Ilikuwa imejibana katika mkunjo wa ndani kabisa, mahali kidole cha Mama Tunu kisingefika bila kupasua.

Tunu, nyuma ya pazia, akaanza kulia, maana alimpenda sana yule kijana wa Handeni. Mzee Semdoe akasimama na fimbo yake. "Nimekaribishwa chuma," akasema, na herufi zilikuwa zinamtoka kwenye pengo jipya. "Katika ukoo wetu mtu akilishwa jiwe na wakwe, anachukua mahari yake anaondoka, na hakuna wa kumlaumu." Akainua mkono dirishani aitupe ile goroli chooni, choo cha shimo kilikuwa pale pale, wazi.

Mama Tunu akapiga magoti. "Mkwe, nitukane mimi, usiitupe hiyo. Ni sauti ya marehemu Mzee Hemedi." Akamweleza yote, haraka haraka, Bi Mwanjaa, honi, Jumapili, kuku.

Mzee Semdoe alisimama mkono umeinuliwa, damu inamchuruzika kwenye kanzu nyeupe. Kutoka uani ikasikika spana ya Kidevu: nati ya tatu. Mzee Semdoe akashusha mkono. "Na mimi ni mjane," akasema. Akaifunga goroli kwenye leso yake, akavaa viatu, akaipeleka mwenyewe. "Posa iko pale pale," alisema mlangoni bila kugeuka. "Lakini mtoto akizaliwa, firigisi mtaipasua."

Fundi Shebughe akaipokea kwa mikono miwili. Springi, goroli, kifuniko. Safari hii alifanya kazi ndani ya neti ya mbu, asiruke hata mdudu. Akarudisha swichi mahali pake, akashuka. "Bi Mkubwa," akasema, "bonyeza wewe. Mimi mdundo wake siujui."

Bi Mwanjaa akakaa kwenye mito yake miwili. Akabonyeza.

Pii, pii, piiiii.

Na nawaambia kweli, Bi Mwanjaa aliegemeza paji la uso kwenye usukani akalia kwa sauti, kilio cha miaka yote ile. Hata Kidevu alikaza zile nati tatu bila kuambiwa.

Hapa ndipo furaha ilipoishia na maneno yakaanza.

Fundi Shebughe akasema: "Bi Mkubwa, gari ni langu. Watatu walikuja kabla yangu, wakabadilisha hiki na kile. Nani aliyejua kuwa ni swichi? Mimi. Nani aliyeing'arisha kutu? Mimi. Nani aliyeiunga? Mimi. Goroli bila fundi ni goroli tu."

Mama Tunu akasema: "Fundi, na nani aliyeipoteza hiyo goroli? Wewe! Ingebaki chini ingekwenda na mvua ya Alhamisi. Kuku wangu ndiye aliyeihifadhi siku mbili, nami nikamhifadhi kuku. Nililetewa jogoo wawili na mtetea, nikakataa, na mimi ni maskini. Ningekubali, mngekuwa mnapiga honi gani leo?"

Mzee Semdoe akasema, ameshika taya: "Mama mkwe mwenzangu, uliitia kidole ukasema haipo. Fundi, ulikata tamaa ukakaa kizingitini. Nyote wawili mlishaimaliza kazi, na haikuwa imekwisha. Aliyeipata ni mimi, kwa jino langu mwenyewe. Nilikuwa na haki ya kuitupa, na haki ya kuvunja posa. Sikutupa, sikuvunja."

"Jino lako ulilivunja kwa ulafi," Fundi akasema. "Firigisi nzima kwa mkupuo mmoja!"

"Ni mila!"

"Mila haikusema usitafune polepole."

Kidevu naye akakohoa kando ya mkokoteni. "Mimi nasema hivi, kama hamjapatana mpaka Jumapili..." Wote watatu wakamgeukia kwa pamoja, akarudi kwenye karanga zake.

Kila mtu akachagua upande. Mafundi upande wa fundi. Wanawake wa mtaa upande wa Mama Tunu. Wazee wote wenye mapengo upande wa Mzee Semdoe. Jumamosi yote walibishana. Mwingine akasema waligawane siku kwa siku, Bi Mwanjaa akakataa: "Nyumba yenye waume watatu hulali usingizi. Nilisema mmoja. Nataka nikiwa Dodoma, jioni, nijue ni nani anayepita konani akipiga, nimtaje kwenye dua kwa jina lake."

Jumapili saa mbili asubuhi basi likafika kituoni, injini inanguruma, kondakta anapiga mlango kwa kiganja: "Bibi, twende!" Bi Mwanjaa amesimama mguu mmoja kwenye ngazi. Ufunguo mkononi. Mbele yake mikono mitatu imenyooshwa. Akaitazama kwa macho yake yenye ukungu, mmoja baada ya mwingine. Akauweka ufunguo katika mkono mmoja, akaufumba ule mkono kwa mikono yake miwili, akapanda.

Nani aliyepewa mimi najua, na sisemi. Nikisema mtaacha kufikiri. Nimeshagombana na mume wangu kwa jambo hili, siku tatu alikula wali mkavu.

Haya, semeni nyinyi, na msiseme wote kwa pamoja. Ufunguo ungekuwa kwenu na basi linaondoka, mngeuweka katika mkono upi: ule wenye grisi kucha zote, ule unaonuka manyoya ya kuku, au ule ulioachia taya kidogo ili unyooshwe? Je, nani alistahili?